Doa la Kijani Kwenye Kola ya Mwalimu

Kila asubuhi Mama Pasi huanza na taulo. Kabla ya mashati ya watu, kabla ya shuka za nyumba ya wageni, kwanza taulo za saluni ya mumewe. Huzichemsha, huzisugua, huzianika uani. Zikikauka huzikunja na kuzipanga kwenye beseni. Mumewe hulibeba beseni begani, huvuka barabara na kufungua saluni. Mambo yamekwenda hivyo tangu waoane: mke na pasi yake upande huu wa barabara, mume na mashine zake za kunyolea upande ule.

Mtaa mzima humwita mumewe Wembe. Si kwa sababu ni mkali. Ni mtu mpole kuliko taulo zenyewe. Humwita hivyo kwa jinsi anavyonyoa. Hujui kama ameanza, unashtukia amemaliza.

Wembe ana saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji, uvimbe ukatolewa. Sasa kila baada ya wiki kadhaa huenda kliniki kutundikiwa dripu ya dawa, ili kuua mabaki ya ugonjwa yasiyoonekana kwa macho. Dawa hiyo ni kali. Inamtia kichefuchefu, inammaliza nguvu, inamwondolea ladha mdomoni. Lakini inafanya kazi. Daktari alimwonyesha vipimo, na Mama Pasi, ambaye haamini kitu mpaka akione kwa macho yake, aliamini.

Kwa hiyo tabu ya Mama Pasi haikuwa dripu. Tabu yake ilikuwa wateja.

Mtu akikaa kwenye kiti cha kinyozi hana kazi. Mikono imefunikwa kwa shuka, kichwa kimeshikwa, kilichobaki ni mdomo. Na mdomo haukai bure.

"Wembe, ndugu yangu, saratani ni uchafu wa damu tu," alisema fundi bomba. "Nitakuletea mizizi."

"Mizizi ya nini?" alidakia dereva wa lori aliyekuwa akisubiri zamu yake. "Huyu anahitaji majani. Binamu ya mke wangu alikunywa majani, saratani ikakimbia yenyewe."

Mama Pasi alikuwa amesimama mlangoni na taulo zake. "Ilikimbia kwenda wapi?"

"Iliisha kabisa, mama."

"Na huyo binamu yuko wapi siku hizi?"

Dereva alikohoa. "Alifariki. Lakini si kwa saratani. Ni mambo mengine."

Basi mizizi ikaja. Majani yaliyosagwa yakaja, ya kijani kama rangi ya mlango wa saluni. Mzee mmoja mstaafu akaleta maji ya kitunguu saumu, kidumu kizima. Mwingine akaleta unga wa "kusafisha tumbo". Na kila aliyeleta alirudi kunyolewa na kuuliza swali lilelile: "Umekunywa?"

Wembe hajawahi kumbishia mteja maisha yake yote. Mtu mwenye upara akitaka achongwe njia ya pembeni, Wembe humjibu, "Sawa, bosi," na hutafuta pa kuichonga. Kwa hiyo alikunywa. Alipoona chupa zimekuwa nyingi na muda wa kuzinywa moja moja hana, alizimimina zote kwenye jagi moja, akakoroga.

Siku Mama Pasi alipolikuta jagi lile jikoni, hasira zilimpanda mpaka utosini.

"Hii ni nini?"

"Ni... zote."

"Zote! Umechanganya mizizi ya fundi bomba na kitunguu cha mstaafu, ukakoroga, ukanywa? Hata nguo za watu sizichanganyi hivyo, mume wangu! Nyeupe naweka peke yake, za rangi peke yake!"

Alilimwaga jagi mtaroni. Akamwaga chupa, akamwaga kidumu. Hata shangazi hakusalimika. Shangazi huyu, dada wa baba yake Wembe, alikuwa anakuja jioni kumkanda Wembe miguu kwa mafuta ya nazi.

"Na wewe, shangazi, mafuta yako basi!" alifoka Mama Pasi. "Ndani ya nyumba hii dawa ni za hospitali tu. Nimechoka!"

Shangazi aliinuka. Alifunga kichupa chake cha mafuta, akavaa viatu, akaondoka.

"Nimeacha, mke wangu," alisema Wembe. "Sigusi tena kitu."

Mama Pasi alirudi kwenye pasi yake. Alidhani yameisha.

Hayakuisha. Walipokwenda kliniki kwa dripu iliyofuata, daktari aliangalia majibu ya damu, akayaangalia tena, akakunja uso.

"Ini lako halipo sawa," alimwambia Wembe. "Mara ya kwanza lilikuwa zima. Sasa limechoka sana. Na mwili umepungukiwa maji. Unaharisha?"

"Kidogo."

"Kuna kitu kingine unachotumia? Dawa za kienyeji, vidonge vya dukani, chochote?"

Wembe alitazama sakafu. "Hakuna, daktari."

"Hakuna," aliunga mkono Mama Pasi kwa nguvu. "Nilizimwaga zote mwenyewe."

Daktari alishusha pumzi. "Basi itakuwa ni hii dripu yetu inayokuumiza ini. Leo siwezi kukupa. Rudi baada ya wiki mbili tupime tena. Hali ikiwa hivihivi, itabidi niiondoe dawa hii nikupe nyingine. Nawaambia ukweli, hiyo nyingine haina nguvu kama hii kwa ugonjwa wako."

Njia nzima ya kurudi nyumbani, Mama Pasi hakusema neno, na hilo si jambo la kawaida. Dawa iliyokuwa inamponya mumewe ilikuwa inataka kuondolewa, na hakuna aliyejua kwa nini. Wembe naye alikuwa anatazama dirishani.

Wiki ile taulo za saluni zilianza kumtesa. Zilikuja na madoa ya kijani. Si mafuta, si rangi ya nywele. Alizisugua kwa sabuni, hayakutoka. Alizichemsha, yakabadilika kuwa kahawia. Tena yalikuwa na harufu chungu.

"Baba, taulo hizi unazifutia nini?"

"Ah, vumbi tu."

"Vumbi la kijani?"

"Wateja wengine ni wachafu, mke wangu."

Siku ya pili yake, mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliingia kwa Mama Pasi bila hata kubisha hodi. Alikuwa ametoka kunyolewa. Kichwa kilimetameta, lakini uso ulikuwa umevimba kwa hasira. Shati lake jeupe, ambalo Mama Pasi mwenyewe alilipiga pasi asubuhi, lilikuwa na doa la kijani kuanzia kwenye kola mpaka mgongoni.

"Mama Pasi, mumeo amenipulizia nini?"

"Maji, mwalimu. Si hunyoa kwa maji?"

"Maji gani haya? Yameniingia mdomoni, machungu kama nini sijui! Saa nne nina kikao na wazazi. Nikasimame mbele yao hivi, kama ukuta ulioota ukungu?"

Mama Pasi alivuta kola ile, akainusa. Alipigwa na harufu ya taulo. Alipigwa pia na harufu ya jagi.

"Vua shati, mwalimu," alisema. "Chukua lile la bluu pale, ni la mtu ila hatalihitaji leo. Naja."

Alivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Mwendesha baiskeli alimpigia kengele na kumtukana, hakumsikia.

Kwenye rafu ya saluni, chini ya kioo, zilipangwa chupa za kupulizia maji. Kinyozi huhitaji chupa moja. Pale zilikuwepo nyingi, za kila ukubwa. Mama Pasi aliichukua ya kwanza akajipulizia kiganjani. Kijani. Ya pili. Kahawia. Ya tatu ilinuka kitunguu saumu mpaka machozi yakamtoka.

Wembe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amejiinamia.

"Kwa hiyo wakakuletea nyingine, ukazificha humu," alisema Mama Pasi.

"Nilikosea chupa. Nilitaka ya maji."

"Wembe! Mimi naongelea shati? Daktari anataka kukuondolea dripu! Amekuuliza, ukamwambia hakuna. Na mimi, mjinga wako, nikakusaidia kusema hakuna. Unataka kufa kwa aibu ya kumwambia fundi bomba kwamba hutaki mizizi yake?"

"Akija anauliza kama nimekunywa..."

"Mwambie hujanywa!"

"Atanuna."

"Anune! Anune mpaka mdomo ufike sakafuni! Anayeumwa ni nani?"

Wembe aliongea polepole, bila kumtazama.

"Kule hospitali wananipima, wananichoma, wananitundikia. Nimekaa tu kama mzigo. Mwili ni wangu, lakini sina ninachofanya. Nikinywa hivi vichupa, angalau na mimi nimefanya kitu. Nikikwambia wewe, unafoka. Nikimwambia daktari, naye atafoka. Basi nikafunga mdomo."

Mama Pasi alikuwa na maneno mengi mdomoni. Aliyameza. Hayakumezeka vizuri, lakini aliyameza.

"Chukua beseni," alisema. "Tia chupa zote humo. Kesho tunazipeleka kliniki."

"Watanicheka."

"Wakucheke. Nenda ukiwa unachekwa."

Kesho yake walimkuta muuguzi wa chumba cha dripu, mwanamke wa makamo ambaye daima ameisahau miwani yake juu ya kichwa. Alilitazama beseni, akawatazama wao wawili.

"Mmehamisha duka?"

"Sista, ni zake," alisema Mama Pasi. "Amekuwa akinywa kwa siri. Mseme sana tafadhali, mimi nimeishiwa sauti."

Muuguzi hakumsema mtu. Alivuta kiti akakaa, akaichukua chupa ya kwanza.

"Afadhali mmezileta. Wagonjwa wengi wanatumia vitu kama hivi na hawatuambii. Haya, baba, hii ina nini?"

"Mizizi."

"Ya mti gani?"

"Ya... mti."

"Aliyekupa anaujua?"

"Naye alipewa."

"Unakunywa kiasi gani?"

"Glasi."

"Kubwa au ndogo?"

"Inategemea glasi ipi ni safi siku hiyo."

Mama Pasi aliangalia dari.

"Sikiliza, baba," alisema muuguzi. "Ini ni kama dobi wa mwili. Chochote unachomeza, lenyewe ndilo linalokifua. Dripu yetu ni furushi kubwa la nguo, na ini linalimudu. Sasa wewe unalirundikia na mizizi, na majani, na unga, kila siku. Dobi gani asichoke?"

"Ningefunga mlango nikalala," alisema Mama Pasi.

"Na ini ndivyo linavyotaka kufanya. Halafu kuna mitishamba mingine ambayo inaitoa dawa yetu mwilini kabla haijafanya kazi. Mingine inaizuia isitoke, ikakaa mpaka ikageuka sumu. Mtu hawezi kujua kwa kuonja. Hii ya kitunguu saumu, kwenye chakula haina neno, lakini kidumu kizima cha maji yake makali kinaweza kukufanya utoke damu isiyokatika upesi. Na huu unga wa kusafisha tumbo ndio unaokuharisha. Mtu aliyekatwa utumbo, yuko kwenye dripu, halafu anajiharisha kwa makusudi!"

"Lakini ni vitu vya asili, sista," alisema Wembe kwa sauti ndogo.

"Uyoga wa porini nao ni wa asili. Ungeula bila kuujua?"

Wembe alitikisa kichwa.

"Yasikuumize sana yaliyopita," aliendelea muuguzi. "Leo hii nitamweleza daktari. Alidhani dripu ndiyo inayoumiza ini. Sasa tumejua pa kuangalia. Kuanzia leo usinywe hata tone la hivi. Tutapima tena siku ileile aliyokupangia."

"Kwa hiyo basi," alisema Wembe. "Nikae tu kama mzigo."

"Nani amesema? Mambo ya kukusaidia yapo mengi, tena tunayapenda. Yanakwenda pamoja na matibabu, hayachukui nafasi ya matibabu. Hapo ndipo mpaka ulipo. Anayekwambia acha dripu unywe chupa yake, huyo mkimbie. Anayekwambia endelea na dripu, na mimi nitakusaidia ulale vizuri, huyo tumsikilize. Je, kuna kitu kilichokuwa kinakupa nafuu kweli? Siyo ulichoambiwa kitakuponya. Kilichokupa nafuu."

Wembe alifikiri. "Shangazi alikuwa ananikanda miguu. Nikikandwa nalala usingizi wa mtoto."

"Kwa nini unasema alikuwa?"

Wembe alitazama ukuta. Muuguzi akamgeukia Mama Pasi.

"Nilimfukuza," alisema Mama Pasi. "Pamoja na mizizi. Nilisema dawa ni za hospitali tu."

"Na mzee alipokuona unamfukuza shangazi kwa ajili ya mafuta ya nazi, mizizi akaipeleka wapi?"

Kama kuna kitu Mama Pasi hapendi duniani, ni kuambiwa kweli mbele ya mumewe.

"Kukandwa miguu kunaruhusiwa," alisema muuguzi, "ilimradi ni taratibu. Asimkande tumboni pale penye mshono. Mguu ukivimba au ukiuma upande mmoja, asiuguse, njooni hapa upesi. Siku chembe za damu zikiwa chini tutawaambia msubiri. Kichefuchefu nacho, tutakupa vidonge, na chai yenye tangawizi kidogo nitamuuliza daktari. Na kutembea, baba. Kidogo kila siku, kadiri nguvu zinavyokuruhusu. Kunapunguza ule uchovu kuliko kulala kutwa. Mkiwa mnasali, salini. Na kuna hili la kupumua. Weka mkono hapa chini ya mbavu. Vuta pumzi taratibu kwa pua. Itoe taratibu zaidi kwa mdomo. Tena. Hilo utalifanya sindano ikija, na usiku wasiwasi ukija. Hilo hufanyiwi na mtu. Unafanya mwenyewe."

Wembe alivuta, akatoa. Mabega yake yalishuka.

"Na mteja akileta chupa nyingine?" aliuliza Mama Pasi, maana yeye aliwajua wateja wale.

"Msigombane naye. Anampenda mumeo, ila hajui anachokifanya. Mumeo apokee na kushukuru, aulize ina nini ndani, halafu aseme, kliniki wameniambia niwaulize kwanza. Huyo mteja akileta mizigo yake yote kwangu, mimi ndiye nitakayekataa. Nimezoea kununiwa."

Jioni ile Mama Pasi alikwenda kwa shangazi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekalia misumari.

"Shangazi, nimekuja kuhusu ile miguu."

"Miguu ipi?"

"Ya mwanao. Muuguzi amesema ukandaji wako ni mzuri. Tumboni tu ndiyo usiguse."

"Ahaa. Kwa hiyo aliyesema ni muuguzi."

"Na mimi nasema. Nilikukosea. Naomba urudi."

"Sema tena, sikio langu hili ni zito."

"Shangazi!"

"Haya, haya. Naja. Lakini chai ya kwangu iwe na maziwa."

Saluni nako mambo yalibadilika, ingawa si kwa urahisi. Fundi bomba alinuna, kama alivyotabiriwa. Alinuna wiki nzima, mpaka nywele zake zenyewe zikamlazimisha kurudi. Dereva wa lori aliulizwa majani yake ni ya nini, akasema atamuuliza aliyempa, na aliyempa akasema atamuuliza aliyempa yeye, na mpaka leo wanaulizana. Wembe alianza kutembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, kisha mpaka sokoni. Alimlazimisha na mke wake. Mama Pasi alilalamika njia nzima kuhusu magoti yake, na ndivyo walivyofika.

Siku ya kupima ilipofika, daktari aliyaangalia majibu ya damu, akayaangalia tena. Safari hii hakukunja uso.

"Ini limeanza kurudi vizuri," alisema. "Halijapona lote, lakini linatosha. Dawa yako inabaki ileile. Leo unatundikiwa."

Mama Pasi aligeuka upande wa dirisha. Alisema ameingiwa na vumbi jichoni.

Kwenye chumba cha dripu, muuguzi alishusha miwani kutoka kichwani na kuushika mkono wa Wembe, akitafuta mshipa.

"Sista, ngoja kwanza," alisema Wembe. "Kabla hujachoma, nina la kusema. Jana nilikunywa chai yenye tangawizi. Kipande kidogo, kama daktari alivyoruhusu."

"Vizuri."

"Asubuhi nilipiga mswaki. Dawa ya meno ina mnanaa."

"Haina neno, baba."

"Shangazi alinikanda. Miguuni tu. Mafuta ni yaleyale ya nazi, lakini amenunua chupa mpya."

"Sawa."

"Na njiani nimemumunya pipi. Ya kijani. Sijui kilichomo ndani."

"Mume wangu!" Mama Pasi alishika kichwa. "Watu wamepanga foleni hapa! Pipi ni pipi! Sasa utamhesabia na hewa uliyovuta?"

"Mwache aseme, mama," alisema muuguzi. "Mgonjwa anayesema mengi hunichosha masikio tu."

Wembe alifikiri kidogo, akaona amemaliza. Aliweka mkono chini ya mbavu, akavuta pumzi kwa pua, akaitoa taratibu kwa mdomo. Sindano iliingia. Dawa ileile, kipimo chake kilekile, ikaanza kushuka tone kwa tone.

"Vuta pumzi na wewe, mke wangu," alisema akiwa amefumba macho. "Nakusikia unavyohema."

"Mimi siumwi," alisema Mama Pasi kwa ukali.

Lakini alivuta.